Kipande cha Nne

Kitambaa kiliondoka na reli ya kushoto, kikarudi na ya kulia.

Msichana hakukiinua hata mara moja. Alikuwa amekishika kwa kidole kimoja, kimelowa spiriti kidogo, akakisukuma taratibu kama afanyavyo kila asubuhi: kutoka upande wa dirisha, mbele ya duka la dawa lenye ukubwa wa kiberiti, mbele ya posta, mbele ya shule, hadi mwisho wa mtaa huo mdogo wa mezani, ambako Baba Mkubwa alikuwa ameunga pete mpya ya reli ili tramu, magari ya umeme ya relini, zizunguke zenyewe na kurudi zilikotoka. Kitambaa kikazunguka na pete, kikatokea upande wa pili, kikaanza safari ya kurudi. Alipotazama kidole chake kiko wapi, kilikuwa juu ya reli ya pili. Akarudia. Kushoto, pete, kulia. Akarudia mara ya tatu kwa kidole kitupu, huenda macho yalimchezea. Chuma kilikuwa kimoja tu, hakikukatika popote.

Baba Mkubwa alipenda kusema kwamba reli mbili ni kama mume na mke, kila mmoja na upande wake wa kitanda. Basi pale kwenye pete mume alikuwa amejikuta upande wa mke, na ndiyo maana tangu Jumapili hakuna tramu iliyosogea. Kifundo cha kisanduku cha umeme kikizungushwa, kisanduku kilisema tak, taa yake ikawa nyekundu, na mtaa mzima ukafa.

Jambo hili alilielewa kwa sababu ya pasi. Mwaka uliopita waya wa pasi ya Mama Mkubwa ulichubuka, nyuzi zake mbili zikagusana, ikapiga shoti, nyumba nzima ikazimika. Umeme una njia ya kwendea na njia ya kurudia. Njia hizo zikikutana kabla ya kazi kufanyika, kazi haipo. Hilo halihitaji cheti, linahitaji mtu aliyewahi kupiga pasi.

Alikunja kitambaa, akakaa kwenye kigoda chake. Shida ilikuwa moja: ilibidi jambo hilo aiambie Kamati.

Kamati ilikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Baba Mkubwa, kaka mkubwa wa baba yake na mwenye nyumba. Makamu alikuwa Mwalimu Mkuu, aliyestaafu zamani lakini bado akiingia chumbani alisubiri watu wasimame. Katibu alikuwa Daktari wa Meno, ambaye kila siku alifunga zahanati yake mapema na kuja na harufu yake. Mwanachama wa kawaida hakuwapo hata mmoja. Walikutana kila jioni katika chumba kikubwa kuliko vyote nyumbani, wakapiga kura juu ya mambo mazito: je, nguzo za mtaani ziwe kijani au kijivu, je, tramu inapopita mbele ya shule ipigiwe filimbi mara moja au mbili.

Yeye hakuwa na kura. Aliletwa nyumba ile miaka mitatu nyuma, baada ya kuacha shule darasa la sita ili amuuguze mama yake. Mama alipozikwa, ikaonekana ni heri akae kwa wakubwa zake asaidiesaidie. Mama Mkubwa alimpa jiko. Baba Mkubwa, siku alipomwona akitunga uzi kwenye sindano bila hata kukodoa macho, akamwomba kwa nusu ya siku. "Una vidole vya buibui," alimwambia, na kwa mtu kama Baba Mkubwa hiyo ilikuwa sifa.

Kuanzia hapo vidole vya buibui vilikata madirisha ya tramu kutoka kwenye vifuniko vya plastiki, vikapaka rangi mistari myembamba kama unywele, vikalehemu nyaya ndani ya matumbo yao, vikasimamisha nguzo na kutandaza waya wa shaba juu ya mtaa. Tramu tatu, namba saba, namba nane na namba tisa, zilitoka mikononi mwake tangu sakafu hadi paa. Kamati ilizizindua. Daktari wa Meno alikata utepe kwa mkasi wake wa kazini.

Kwa majirani, Baba Mkubwa alikuwa mtu wa tramu. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kampuni ya tramu za mji, hadi zilipoondolewa barabarani. Hilo ni kweli. Asilolisema ni kwamba miaka yote hiyo alikaa chumba cha chini, akitunza miavuli, glavu na meno ya bandia yaliyosahauliwa na abiria. Hakuwahi kuendesha tramu hata mita mbili. Lakini mwone leo mbele ya meza yake, filimbi mdomoni, kofia ya dereva kichwani, nayo ilisahauliwa na mtu, na ungeapa kwamba mji ule haukuwahi kufika kazini bila yeye.

Sheria ya kwanza ya Kamati ilisema asiye mwanachama hashiki kifundo. Aliyetengeneza tramu angeweza kuzifuta, kuzipaka mafuta, kuziokota zikianguka. Kuziendesha, hapana. Wala hawakumwita kwa jina. Walimwita Kitambaa.

Siku ile ya Jumanne, saa kumi, walikuja wote watatu kutazama maiti.

"Kitambaa," Baba Mkubwa aliita.

"Abee."

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Umefuta au umepapasa?" Daktari wa Meno akadakia. "Maana wagonjwa wangu wote nao wananiambia wanapiga mswaki."

Walicheka. Kwa Kamati kila ugonjwa ulikuwa uchafu. Tramu ikisita, reli ni chafu. Ikianguka, reli ni chafu. Siku mota ya namba saba ilipoungua kwa sababu Baba Mkubwa aliisahau ikiendelea kupewa umeme huku imegonga ukuta, Kamati ilikaa saa nzima na kuamua kwamba reli zilikuwa chafu.

Lakini safari hii hata wao waliona kwamba kipande cha mwisho cha pete kikitolewa, tramu zinafufuka, na kikirudishwa, zinakufa. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Wao walikuwa wamekwisha kubadilisha kipande mara mbili, na sasa walikuwa wamekiinamia cha tatu kama watu wanaochagua nyanya.

"Umeme," alisema Mwalimu Mkuu, "ni kama wanafunzi wanaokimbia. Kwenye mstari ulionyooka wanakwenda vizuri. Kwenye kona wanabanana, wa nyuma wanawakanyaga wa mbele. Hii kona ni kali. Umeme unafika pale umechoka."

"Unachoka," Baba Mkubwa akakubali, kwa uso wa mtu aliyewahi kuuona umeme umekaa kando ya njia ukihema.

"Mimi nasema ni kipande," alisema Daktari wa Meno. "Jino bovu halipewi nasaha, linang'olewa."

"Tumeng'oa mawili, Daktari."

"Basi na la tatu limeoza kwa ndani. Hawa wauzaji wanatupa vyuma vya takataka."

Msichana alikuwa amesimama karibu na mlango, trei ya vikombe mkononi. Aliweka trei chini.

"Baba Mkubwa," alisema. "Hii reli ya kushoto. Ukiifuata kwa kidole."

Vichwa vitatu viligeuka. Sauti yake ikaanza kupungua kama maji ya bomba saa sita mchana.

"Ukiifuata kwa kidole," Mwalimu Mkuu alisema, "unafika wapi?"

"Unafika kulia."

Mwalimu Mkuu alivua miwani yake.

"Binti, uliacha shule darasa la ngapi?"

"La sita."

"Hukulimaliza."

"Sikulimaliza."

"Pole sana. Kushoto na kulia huwa tunazifundisha muhula wa mwisho."

Daktari wa Meno alicheka hadi akalazimika kushika meza, na posta ikaanguka. Baba Mkubwa naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo, kwa kuwa alikuwa akimtazama Mwalimu kwanza aone kama ni mzaha. Msichana aliinama, akaisimamisha posta pamoja na watu wadogo wa nta waliokuwa mbele yake, akachukua trei yake.

Jikoni alisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Wazee watatu, alifikiri. Ukiwaweka kwenye mizani pamoja na vyeti vyao, miwani yao na filimbi yao, hawafiki uzito wa kitambaa changu. Kisha akajidharau na yeye pia, kwa sababu fikra ile aliipeleka kwenye sufuria badala ya kuipeleka mezani.

Na haikuwa mchezo tu. Jumamosi ile alikuwa anakuja Mama wa Maktaba. Maktaba ya mji ilikuwa na ukumbi mtupu, na mama huyo aliyeiongoza alisikia habari za tramu akataka kuziona. Zikimpendeza, mtaa mzima ungehamia ukumbini, nyuma ya kioo, watoto wa shule waje kuutazama. Ndiyo sababu ya ile pete. Dirishani kulikuwa na gereji ambamo Baba Mkubwa aligeuza tramu kwa mkono wake mwenyewe, sherehe ambayo hakuwa tayari kuiacha, na gereji ingebaki nje ya kioo. Lakini mwisho wa pili wa mtaa siku zote aligeuza msichana, amejificha chini ya meza, mkono unachomoza kama panya kutoka shimoni. Nyuma ya kioo mkono haungepita. Tramu ilipaswa kwenda, kuzunguka, na kurudi bila kuguswa.

Mama Mkubwa naye alikuwa na lake. Vyerehani vyake viwili vilikuwa koridoni miaka yote, na kila aliyekwenda chooni alivigonga kwa paja.

"Jumamosi zikikwama," alisema akiwa mlangoni mwa jiko, "Jumatatu vyerehani vyangu vinaingia mle ndani. Huo mtaa wataubeba kwenye maboksi. Na wewe mwanangu utakaa na mimi, utashona vifungo. Vidole kama hivyo havikuumbwa kupaka rangi vitoto vya gari."

Hakulisema kwa ubaya. Mama Mkubwa hakuwa mbaya. Lakini msichana alikuwa amekwisha kuona wazi jinsi mambo yalivyo. Zikienda maktaba, lazima mtu azifuate azitunze, na ni nani mwingine ajuaye matumbo yao? Zisipokwenda, ni vifungo. Vifungo hadi atakapoolewa, na baada ya hapo vifungo vya huko.

Kamati ilipiga kura, tatu kwa sifuri, kwamba kinunuliwe kipande cha nne, kutoka duka la mji wa pili, la mtu anayeuza vyuma vya heshima. Na kwa kuwa uamuzi ule ulikuwa mkubwa, wote watatu wangekwenda pamoja siku ya Alhamisi katika gari la Daktari.

Jumatano msichana alimwendea Baba Mkubwa akiwa peke yake, anapiga kofia yake brashi.

"Baba Mkubwa, nitandaze waya wa juu hadi kwenye pete?"

"Wa nini?"

"Upendeze."

"Tandaza, tandaza. Urembo haugombi."

Alisimamisha nguzo sita kuizunguka pete, akavuta waya wa shaba kutoka nguzo hadi nguzo, akaukaza usilegee. Kamati haikuwahi kujiuliza waya ule ni wa kazi gani. Ulikuwa pale kwa kuwa tramu za kweli zilikuwa nao, kama vile sanamu huchongewa masikio.

Na jibu lilikuwa ukutani, ndani ya fremu. Picha ya Baba Mkubwa kijana, amesimama kando ya tramu ya kweli siku ya kuajiriwa. Msichana alikuwa ameifuta vumbi mara mia tatu. Juu ya paa la tramu ile palikuwa na ufito mmoja, na ufito uligusa waya mmoja. Mmoja tu. Umeme ulishuka kwa waya, ukapita ndani ya tramu, ukatoka kwa magurudumu yote, ukarudi kwa reli zote mbili pamoja. Hapo kushoto na kulia havina ugomvi. Reli zote ni upande mmoja, na upande wa pili uko juu hewani, ambako pete haiwezi kuuchanganya. Miaka thelathini na moja mtu anafanya kazi chini ya waya ule, na hakuwahi kuinua shingo.

Alhamisi, gari la Daktari lilipokata kona, aliingia chumbani na chuma chake cha kulehemu.

Kwenye kisanduku zilitoka nyaya mbili. Ile nyeusi aliigawa, akaipa reli zote mbili. Ile nyekundu aliipandisha kwenye nguzo ya kwanza, akaiunga na waya wa shaba. Kisha akazilaza tramu zake tatu chali, moja moja. Kila mota ilikuwa na nyuzi mbili: mmoja ulikunywa umeme kutoka magurudumu ya kulia, mwingine magurudumu ya kushoto, kama Kamati ilivyoamuru. Aliyaunganisha magurudumu yote kwenye uzi mmoja. Ule mwingine aliupenyeza hadi paani, akaulehemu kwenye ufito uliokuwa wa urembo tu, akakwangua rangi kwenye ncha ya ufito mpaka chuma kikang'aa. Kazi ilimchukua hadi mchana. Alijiunguza mara mbili, akaendelea.

Kipande cha tatu, kile kilichohukumiwa kuwa kimeoza, kilikuwa kimetupwa karibu na shule. Alikiokota akakirudisha mahali pake. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akashika kifundo.

Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani. Namba tisa ilishtuka, ikatoka gerejini, ikapita duka la dawa, posta, shule, ufito wake ukiimba kidogo chini ya waya. Ikaingia kwenye pete. Ikazunguka, ikaegemea kidogo kama mtu anayepishana na mwenziwe mlangoni, ikatoka, ikarudi moja kwa moja hadi kwake. Taa ya kisanduku ilibaki kijani. Aliiendesha tena, na tena, na safari ya nne akagundua kwamba alikuwa akicheka kwa sauti ndani ya chumba kitupu.

Aliposikia gari, alitoa kipande cha tatu, akakitupa pale pale kilipokuwa.

Waliingia wamebeba kipande cha nne ndani ya pamba. Daktari wa Meno alikiweka kwa mikono yote miwili. Baba Mkubwa alivaa kofia, akazungusha kifundo, na namba tisa ikaenda, ikazunguka, ikarudi.

Walishikana mikono.

"Chuma hicho," alisema Daktari. "Niliwaambia au sikuwaambia?"

"Ukikitazama kwenye mwanga, chembe zake ni laini," alisema Mwalimu Mkuu. "Umeme unateleza. Hauchoki."

"Mimi nilikijua nilipokishika tu dukani," alisema Baba Mkubwa. "Mtu ukishafanya kazi na tramu, mkono unakuambia."

Msichana alisimama na trei yake. Akisema, alijua watafanya nini: wataitisha kikao, watafumua nyaya zake zote kwa kura tatu, kisha watakinunulia kipande cha nne mdogo wake, kipande cha tano. Akanyamaza. Wakataka chai, akawapa. Kipande cha chuma kilipewa pongezi na kuandikwa katika daftari la kumbukumbu, na yeye akaambiwa amezidisha majani.

Jumamosi Mama wa Maktaba alifika saa nne kamili, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea na daftari dogo. Msichana alimwamkia, naye akaitikia akimtazama usoni, jambo lililomfanya arudi nyuma hatua moja. Baba Mkubwa alipuliza filimbi. Namba saba, nane na tisa zilitoka kwa zamu, zikazunguka, zikarudi. Safari ishirini, na nje ya gereji hakuna mkono uliogusa mtaa. Mama wa Maktaba alichuchumaa ili macho yake yawe sawa na madirisha ya tramu, akazitazama kwa muda mrefu.

"Zimetengenezwa vizuri mno," alisema akiinuka. "Ukumbi ni wenu. Nina sharti moja tu. Nataka mtu wa kukaa nazo kila siku, anayejua kuzitibu zikikwama. Nitamwandika kama mfanyakazi wa maktaba. Watoto wanaweza kukwamisha hata jua."

Kamati ilijinyoosha. Kila mmoja alianza kueleza kwa nini wenzake wawili wana shughuli nyingi.

Hapo ndipo Daktari wa Meno, ili ushindi wake usiwe na shaka, alipofungua kisanduku cha mahameli na kutoa Malkia. Malkia ilikuwa tramu yake mwenyewe, iliyonunuliwa ikiwa imekamilika, nyekundu na dhahabu, ufito wake umefungwa paani kwa uzi ili usivunjike. Aliiweka relini kama anayemweka mtoto kitandani, akazungusha kifundo.

Malkia haikutikisika.

Akaongeza. Akaisukuma kwa kidole. Akaigeuza. Malkia ilikaa pale imependeza.

"Yako ina ugonjwa," alisema Baba Mkubwa.

"Yangu? Jana ilikuwa inakimbia juu ya meza yangu. Kipande chako kimekwisha kuoza."

"Kipande ulikichagua wewe."

"Labda umeme umezoea zile nyingine," Mwalimu Mkuu alianza, na Mama wa Maktaba akamtazama kwa namna iliyomfanya asimalize.

Waliinama wote watatu juu ya mtaa, makalio hewani, wakabonyeza hapa na pale, wakaangusha nguzo. Kisha, kama ilivyokuwa desturi, wakakumbuka.

"Kitambaa," Baba Mkubwa aliita bila kugeuka. "Umefuta?"

Msichana alisogea mbele, akapita kati ya Mwalimu na Daktari, na kwa kuwa hawakutarajia walimpisha. Aliinua Malkia, akaiweka kando. Akaweka namba tisa, akaupandisha ufito wake hadi waya wa juu, akashika kifundo mbele ya macho ya Kamati nzima. Namba tisa ikaenda, ikazunguka, ikarudi.

"Mbona hii inakwenda na ile haiendi?" aliuliza Mama wa Maktaba.

"Ni suala la uzito, Mama," alisema Mwalimu Mkuu. "Ile ya Daktari ni ya..."

"Nimemuuliza yeye."

Msichana aliangalia mikono yake. "Hii inakula umeme wa juu," alisema. "Ile inasubiri wa chini, kushoto na kulia. Na chini siku hizi ni kitu kimoja, kushoto na kulia ni sawasawa. Pete haiwezi kwenda bila hivyo. Kipande hakikuwa na neno. Hata cha kwanza hakikuwa na neno."

"Siku hizi tangu lini?" aliuliza Baba Mkubwa.

"Alhamisi. Mlipokwenda dukani."

Uso wa Baba Mkubwa ulibadilika taratibu. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa kidogo, kisha akaona kwamba mgeni anamwona anaelewa. Alivua kofia, akaivaa tena. Daktari wa Meno alikuwa ameanza kuirudisha kisandukuni Malkia iliyomwaibisha. Mwalimu Mkuu alifuata reli ya kushoto kwa kidole, polepole, akiwa amewapa mgongo, na kidole kilipofika kwenye pete akakiondoa haraka.

"Nani alikupa ruhusa ya kugusa nyaya?" Baba Mkubwa aliuliza.

Hakuna aliyempa.

"Basi, Mama, usijali kabisa," Baba Mkubwa alimgeukia mgeni, na sauti ya mwenyekiti ikamrudia. "Mtoto amecheza, tutarekebisha. Kamati itakaa, itarudisha nyaya zilivyokuwa kwa utaratibu, na tramu zitakuja maktaba nasi watatu, kwa zamu. Mtu wa umri wetu, uzoefu upo. Huyu ana kazi za mama yake mkubwa. Kitambaa, kalete chai."

Mama wa Maktaba alikuwa amemgeukia msichana, kalamu yake imesimama juu ya daftari, anangoja.

Miguu ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea jikoni, kwa mazoea. Msichana aliirudisha. Kwa miaka mitatu ndani ya chumba kile alikuwa amesema abee, ndiyo na nimefuta. Mengine yote aliyaambia masufuria. Aliwatazama wazee wale mmoja mmoja, mwenye kofia, mwenye kisanduku, mwenye kidole kilichofichwa mfukoni, na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakubwa kuliko wale watu wa nta waliosimama mbele ya posta.

"Hamziwezi," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Hamjawahi kuziweza. Nimezitengeneza mimi, na nitakwenda nazo mimi."